Kompyuta ya Askari Isilishwe Programu za Wizi

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na methali hiyo inamhusu sana askari wa leo aliyeingiza kompyuta nyumbani mwake. Mtu hujinyima miezi kadhaa, akaweka akiba yake Zigama CSS au akachukua mkopo mdogo, hata akaipata kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo na kuletwa huku kwetu kama mtumba. Akisha kuifikisha nyumbani, iwe Kamembe, Mururu au Bugarama, huona kwamba kazi bado. Chombo kipo, lakini hakina programu ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu, ya kutazamia filamu wala ya kuwafundishia watoto. Hapo ndipo hutokea kijana mwenye flashi mfukoni ambaye, kwa faranga chache, humwekea kila kitu katika muda wa nusu saa. Mwenye kompyuta hufurahi kwamba amepata karibu bure kile ambacho wengine hukinunua kwa fedha nyingi.

Furaha hiyo ndiyo tunayokusudia kuichunguza katika makala haya. Programu anazozibeba kijana huyo aghalabu ni mali ya wenyewe, zilizovunjwa kufuli ili zifanye kazi pasipo malipo. Kisheria huo ni wizi, na kwa mtu aliyekula kiapo cha kulinda sheria, neno hilo peke yake lingetosha kumtia haya. Lakini hata tukiuacha upande wa sheria, iko hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Fundi aliyevunja kufuli la mlango akakukabidhi ufunguo hana linalomzuia kubaki na ufunguo wa pili. Mwenye kuivunja programu hakeshi usiku kucha kwa kumwonea huruma mtu wa Rusizi asiyemjua. Mara nyingi hutia ndani yake programu nyingine iliyojificha, na hiyo ndiyo mshahara wake.

Haya si mambo ya kubuni. Tangu mwaka 2018 vimeenea duniani virusi vijulikanavyo kwa jina la Djvu. Virusi hivyo huyafunga kwa maandishi ya fumbo mafaili yote ya mwenye kompyuta, zikiwamo picha, barua na hesabu zake, kisha humwachia ujumbe wa kudai fedha. Njia yake kubwa ya kuingilia majumbani imekuwa ni hizo hizo programu zilizovunjwa kufuli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 12, 2017, virusi vingine vilivyoitwa WannaCry vilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa uliotumiwa na virusi hivyo ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikupokea dawa hiyo, na miongoni mwao wamo watumiaji wa programu za wizi, kwani mwenye mali ya wizi huogopa kufungua mlango hata kwa mganga.

Raia akipatwa na msiba huo hupoteza picha za arusi yake. Askari hupoteza zaidi. Katika kompyuta ya nyumbani kwake zimo picha zake na za wenzake waliovaa sare, zimo namba za simu za wakubwa na wadogo wa kikosi, yamo majina ya watoto wake na shule wanazosoma, na yawezekana kwamba kwa kompyuta hiyo hiyo hutazama akaunti yake ya benki. Adui wa namna hii havuki mpaka kwa miguu, wala hapiti mbele ya mlinzi. Huingia kwa flashi iliyopokewa kwa mikono miwili na kulipiwa soda.

Bure na huria

Swali la haki ambalo msomaji angeuliza ni hili: je, askari asiye na uwezo wa kununua programu za bei kubwa afanye nini? Jibu ni kwamba hahitaji kununua, wala hahitaji kuiba. Ziko programu nyingi nzuri, zilizoandikwa na mabingwa, ambazo wenyewe wamezitoa kwa hiari yao ili kila mtu azitumie. Hizo ndizo ziitwazo programu huria.

Yafaa hapa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna programu ya bure, na kuna programu huria. Programu ya bure ni kama lifti ya gari: unasafirishwa pasipo nauli, lakini dereva ndiye ajuaye anakokwenda na mahali atakapokushusha. Kampuni ya Google, mathalani, iliwahi kutoa bure programu ya kupangia picha iitwayo Picasa, ikapendwa sana. Mwaka 2016 ikaamua kuiachilia mbali, na waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na la kusema. Programu huria ni tofauti. Maandishi yake ya asili, yaani yale maagizo ambayo mwandishi aliyaandika kuiamuru kompyuta, yako wazi. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza ndani, kuirekebisha, na kuigawa kwa wengine ikiwa jinsi ilivyo au baada ya kuirekebisha. Ruhusa hizo nne zimeandikwa katika leseni, na anayezitumia hatendi kosa lolote.

Aliyeuanzisha mwendo huu rasmi ni Mmarekani Richard Stallman, ambaye mwezi Septemba 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta uliokuwa huria, akauita GNU. Miaka minane baadaye, Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo ambacho kikaja kuitwa Linux. Viwili hivyo vilipounganishwa ulipatikana mfumo kamili ambao leo huendesha sehemu kubwa ya mitambo mikubwa ya intaneti duniani. Hata simu za Android, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, zina kiini cha Linux ndani yake.

Sisi wa Rwanda hatuna haja ya kufundishwa maana ya jambo hili kwa maneno mageni. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda, askari na raia, kila mtu na jembe lake. Barabara tunayoilima haina mmiliki mmoja. Hupitiwa na aliyelima, na hupitiwa hata na mgeni aliyefika jana. Daraja likiwa na ufa, yeyote ana haki ya kuinama chini akalikagua na kupiga kelele. Programu huria ni umuganda wa ulimwengu. Aliyeko Berlin huleta mawe, aliyeko Nairobi huleta mchanga, na aliyeko Kamembe hupita na mzigo wake salama. Naye akiwa na elimu, aweza kuleta tofali lake.

Lugha zetu nazo zimo

Umuganda huo umekwisha kufika kwetu zamani. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa kutoka Sweden katika mpango ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa programu kamili ya ofisi, ya kuandikia na kupigia hesabu, ambayo maagizo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kabla ya kuitafsiri, wataalamu hao walikaa wakatunga orodha ya mamia ya maneno ya Kiswahili ya mambo ya kompyuta. Hawakuomba kibali cha kampuni yoyote wala kungoja mtu wa ng'ambo aamue kama Kiswahili kina soko. Maandishi ya asili yalikuwa wazi, nao wakaingia kazini.

Kinyarwanda nacho hakikuachwa nyuma. Kati ya mwaka 2004 na 2005 programu nyingi huria zilianza kutafsiriwa katika lugha hiyo. Hata programu ya watoto ya kuchorea, Tux Paint, ina maagizo ya Kinyarwanda na ya Kiswahili pia. Tangu mwaka 2019 vijana wa Kigali waliojiita Digital Umuganda wameshirikiana na shirika la Mozilla kukusanya sauti za wananchi wakisoma sentensi za Kinyarwanda, na zimepatikana zaidi ya saa 2,000 za sauti. Hazina hiyo iko wazi kwa kila atakayetaka kuifundisha kompyuta kusikia Kinyarwanda, na imekifanya Kinyarwanda kuwa miongoni mwa lugha zilizo mbele kabisa duniani katika kazi hiyo.

Isitoshe, wengi wetu tumekwisha kuzitumia programu hizi pasipo kujua. Zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe ambazo Serikali ilianza kuzigawa katika shule za msingi mwaka 2008, na ambazo zilipita 200,000, ziliendeshwa na Linux. Programu ya kuhifadhi habari za wagonjwa iitwayo OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wa Eldoret, Kenya, ilianza kutumika katika hospitali ya Rwinkwavu, huko Mashariki mwa nchi yetu, mwaka 2006. Kama programu huria yaaminiwa kutunza habari za mgonjwa, sembuse barua ya askari kwa mama yake!

Tuanze na barua na hesabu

Programu ya kwanza ambayo kila nyumba inaihitaji ni ya kuandikia. Hapa jina la kukumbuka ni LibreOffice. Ilizaliwa Septemba 2010 kutokana na ile ile OpenOffice iliyofanyiwa Kiswahili Dar es Salaam, na hutunzwa na taasisi iliyoandikishwa Berlin, Ujerumani. Ndani yake mna ya kuandikia barua na ripoti, ya kutengenezea majedwali ya hesabu, na ya kutayarishia picha za kuonyesha wakati wa mafunzo. Mke wa askari mwenye duka dogo aweza kuandika humo mauzo ya kila siku na kuona faida yake mwisho wa mwezi. Askari anayejiendeleza kwa masomo ya jioni aweza kuandika humo tasnifu yake yote. Programu hiyo hufungua mafaili yaliyoandikwa kwa Microsoft Word na Excel, na huweza kuhifadhi kwa namna hiyo pia.

Haifai kuficha kasoro. Waraka wenye mapambo mengi au majedwali ya kutatanisha, ukitoka katika programu moja kwenda nyingine, huweza kuhama mistari. Kwa sababu hiyo, barua iliyokwisha kukamilika na isiyotakiwa kubadilishwa ni heri kuipeleka ikiwa katika umbo la PDF, ambalo LibreOffice hulitoa kwa kubonyeza mara moja tu.

Askari anayedhani kwamba programu hii ni ya watu maskini na ajue wanaoitumia. Gendarmerie ya Ufaransa ilianza kuacha programu za kununua za ofisi mwaka 2005 ikaingia katika OpenOffice, na mwaka 2008 ikaanza kuhamisha kompyuta zake zenyewe kwenda katika mfumo wa Linux. Leo zimefika makumi ya maelfu. Septemba 2015 Wizara ya Ulinzi ya Italia ilitangaza mpango wa kuweka LibreOffice katika kompyuta zipatazo 150,000. Mwaka 2025 jeshi la Austria lilikamilisha kuiweka katika kompyuta zake zipatazo 16,000. Wahusika wa jeshi hilo walieleza kwamba shabaha yao kubwa haikuwa kuokoa fedha, bali kutotegemea wengine katika chombo cha kazi. Askari anaijua shabaha hiyo. Kwetu inaitwa kujitegemea.

Intaneti, filamu na picha

Kwa kuingilia katika intaneti, kivinjari kilicho huria ni Firefox cha shirika la Mozilla, ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka Novemba 2004. Faida yake kwa askari ni kwamba kimewekewa kinga dhidi ya wale wanaomfuata mtu nyuma kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ili wajue anayoyapenda na anayoyatafuta. Kinaweza pia kuongezewa kijiprogramu kiitwacho uBlock Origin, nacho ni huria, ambacho huzuia matangazo. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kipimo, kuzuia matangazo ni kuokoa faranga, kwani kila tangazo linalofunguka hulipiwa na mfuko wake.

Kwa filamu, nyimbo na mafunzo ya video, hakuna ifikiayo sifa ya VLC. Iliasisiwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi cha Paris mwaka 1996, ikafanywa huria mwaka 2001. Karibu kila namna ya faili la video au sauti, VLC huicheza pasipo kudai nyongeza, haina matangazo, na kompyuta ya zamani huimudu. Uzito wake haufiki megabaiti 60. Kwa kupunguza ukubwa wa picha, kuzing'arisha, au kufuta jina lililo kifuani pa mtu kabla ya kuipeleka picha hadharani, iko GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995. Ni ngumu kidogo kujifunza, lakini haimdai mwanafunzi wake hata senti moja. Kwa kufunga na kufungua mafaili yaliyokunjwa, iko 7-Zip, ndogo na ya haraka, iliyoanza mwaka 1999.

Walinzi wa siri za nyumbani

Sehemu hii inawahusu wasomaji wetu kuliko raia wengine. Watu wengi hutumia neno la siri moja kwa benki, kwa barua pepe na kwa mitandao ya kijamii. Nalo likivuja mahali pamoja, milango yote imefunguka. Programu iitwayo KeePassXC hutunza maneno yote ya siri katika sanduku moja lililofungwa kwa fumbo, na mwenyewe hutakiwa kukumbuka neno moja tu la kulifungulia. Sanduku hilo hukaa katika kompyuta yake mwenyewe, si kwa mtu wa mbali. Lakini neno hilo kuu likisahaulika hakuna fundi awezaye kulifungua, kwa hiyo lichaguliwe kwa makini.

Programu ya pili ni VeraCrypt, iliyotoka mwaka 2013. Hiyo hufunga flashi nzima, au sehemu ya diski, hata ikiibwa ndani ya basi la kwenda Kigali mwizi hapati cho chote isipokuwa chuma. Askari mwenye vyeti, hati ya kiwanja na picha za familia katika flashi moja angefanya vema kujifunza kuitumia.

Pamoja na sifa hizo zote, neno moja halina mjadala. Nyaraka za kazi hazina mahali katika kompyuta ya nyumbani. Orodha ya zamu, ramani, majina ya walio safarini, yote hayo hubaki kazini, hata kama nyumbani kuna kufuli saba. Programu nzuri ni ngao ya mambo ya nyumbani. Haiwi ruhusa ya kubeba ya kambini.

Watoto na elimu pasipo intaneti

Familia ya askari huhama mara kwa mara, na si kila mahali penye intaneti ya kutegemewa. Kwa ajili hiyo iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Kwa kutumia Kiwix, mtu hupakua mara moja kamusi elezo ya Wikipedia katika lugha anayoitaka, kisha huisoma siku zote pasipo intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina zaidi ya makala 80,000, na ile ya Kifaransa na ya Kiingereza ni kubwa mara nyingi zaidi. Mtoto wa kisiwa cha Nkombo akiwa na kompyuta na faili hilo amepata maktaba. Hali kadhalika askari aliyetumwa mbali katika kulinda amani, mahali ambapo mtandao ni wa shida, hubeba maktaba nzima katika begi lake.

Kwa watoto wadogo, pamoja na Tux Paint tuliyokwisha kuitaja, iko GCompris, yenye michezo zaidi ya 100 ya kufundishia kuhesabu, kusoma, kutumia kipanya na kutambua nchi katika ramani, kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi. Haina matangazo, wala haimshawishi mtoto kumwomba baba anunue kitu.

Kompyuta kuukuu isitupwe

Jambo hili limekuwa la haraka tangu Oktoba 14, 2025. Siku hiyo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuutengeneza bure mfumo wake wa Windows 10. Mfumo mpya, Windows 11, hudai kompyuta yenye kichakataji cha miaka ya karibuni na kijichombo maalumu cha usalama, na mitumba mingi iliyoko majumbani kwetu haina vitu hivyo. Kompyuta yenye Windows 10 haikufa siku hiyo, lakini ikiachwa hivi hivi ni sawa na lindo lisilo na mlinzi: kila ufa mpya utakaogunduliwa utabaki wazi.

Hapa Linux ni ukombozi. Ziko namna zake nyingi, lakini kwa mgeni aliyezoea Windows tunapendekeza Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, kwa kuwa sura yake haimshangazi mtu. Huweza kuendesha kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora zaidi, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. LibreOffice na Firefox huja zikiwa ndani yake.

Njia ya kuijaribu haina hatari ikifuatwa kwa utaratibu. Kwanza, nakili mafaili yako yote katika diski ya nje na uhakikishe yanafunguka. Pili, pakua faili la Linux Mint kutoka kwa wenyewe, na kwa programu ndogo iitwayo Rufus liweke katika flashi tupu ya gigabaiti 8. Tatu, washa kompyuta kwa kutumia flashi hiyo. Mfumo utafunguka na kufanya kazi kutoka katika flashi pasipo kugusa diski ya ndani, nawe utaweza kuona kama sauti, intaneti na printa vinafanya kazi. Ukiridhika, ndipo uisimike. Usiporidhika, ondoa flashi, na kompyuta itarudi kama ilivyokuwa. Ikiwa kuna programu moja ya kazi maalumu ambayo haina budi kutumia Windows, usiharakishe kuhama; anza na LibreOffice, Firefox na VLC, ambazo hufanya kazi katika mifumo yote miwili.

Pa kuchotea maji

Chemchemi ikiwa safi, mto waweza bado kuchafuliwa njiani. Programu huria ichotwe kwa mwenyewe, katika anwani yake rasmi, si katika ukurasa wowote ulioonekana wa kwanza katika utafutaji. Mwaka 2015 iligundulika kwamba nakala ya GIMP iliyokuwa ikigawiwa katika hifadhi mashuhuri ya SourceForge ilikuwa imefungashwa pamoja na matangazo ambayo watengenezaji wenyewe hawakuyatia. Wengi wa watengenezaji huchapisha, karibu na kila faili, mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni kama alama ya kidole cha faili hilo. Faili lako likitoa alama ile ile, ni lenyewe. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, litupe.

Wala tusidai kwamba uwazi ni hirizi. Machi 29, 2024, mtaalamu mmoja, Andres Freund, alitangaza kwamba ndani ya kijiprogramu huria kiitwacho xz, kinachotumika katika Linux, mtu aliyejenga imani kwa miaka miwili alikuwa amepenyeza mlango wa siri. Freund aliligundua jambo hilo baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa nusu sekunde. Kwa kuwa maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi, alifuata nyayo hadi akaufikia mlango huo, nao ukafungwa kabla ya kusambaa katika mifumo inayotumiwa na watu wengi. Funzo kwa askari ni dhahiri: ngome iliyo wazi kukaguliwa bado yahitaji wakaguzi, na kila mwenye kompyuta hana budi kuzisasisha programu zake kila anapoarifiwa.

Limebaki suala la gharama ya kupakua. LibreOffice ina uzito wa megabaiti 350 hivi, na Linux Mint inakaribia gigabaiti 3. Kwa mtu mmoja ni mzigo. Lakini ile ruhusa ya nne tuliyoitaja, ya kugawa, ndiyo inayolikata tatizo hili. Mmoja apakue, alinganishe alama, kisha awanakilie wenzake wote kambini au kituoni kwa flashi safi, na wenzake wawanakilie majirani. Tendo hilo la kupitisha flashi mkono kwa mkono, ambalo kwa programu za kufuli ni kosa, kwa programu huria ni haki iliyoandikwa.

Basi, kila askari na kila polisi mwenye kompyuta nyumbani na aikague wikendi hii kama akaguavyo silaha kabla ya lindo. Aulize kila programu iliyomo: nani aliileta, kwa haki gani, na mara ya mwisho ilitengenezwa lini? Ile isiyo na jibu iondolewe, na mahali pake ichukuliwe na nyingine iliyo halali, ambayo kama tulivyoona haina bei. Akishindwa peke yake, na awakusanye wenzake watatu au wanne saa za mapumziko wafanye kazi pamoja, kwani umuganda haujapata kumshinda mtu aliyetoka na jembe lake.